Kabla ya Wakili Kulikuwa na Kiruogindet

Kuna neno la Kipsigis ambalo kila nikijaribu kulitafsiri linanishinda: kiruogindet. Ukisema "mwamuzi" umepata nusu. "Mshauri" ni nusu nyingine. "Wakili" linakaribia, ila wakili hulipwa na upande mmoja, na huyu hakuwa wa upande wowote. Alikuwa mtu anayeitwa kesi ikishawashinda watu.

Mahakama yenyewe haikuwa na jengo. Watu wa mtaa mmoja, yaani kokwet, walikaa chini ya mti: wazee, majirani, wenye kesi, na wale wasio na kazi siku hiyo. Ng'ombe wa fulani ameingia kwenye wimbi la jirani. Mahari imelipwa nusu na sasa bibi amerudi kwao. Mpaka umesogea usiku, ati hakuna aliyeuona ukisogea. Mzee yeyote angeweza kusema. Lakini polepole, kesi baada ya kesi, ilionekana kwamba kuna mmoja ambaye akisimama wengine wananyamaza. Hakupigiwa kura. Hakurithi kiti cha babake, kwa sababu hakukuwa na kiti. Halafu siku moja kokwet ya ng'ambo inamtumia mjumbe: tuna neno limetushinda, njoo. Hapo mtu alikuwa amepanda cheo, na hakuna barua iliyoandikwa.

Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi na kuoa kwa Wakipsigis, aliandika juu ya watu hawa. J. G. Peristiany naye aliwaeleza katika kitabu chake cha 1939 kuhusu mila za Wakipsigis. Ila mimi nilisikia habari zao kwanza kutoka kwa wazee wa nyumbani, ambao wakitaja kiruogindet hawaanzi na hekima. Wanaanza na masikio. Wanasema alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, hata mjinga, hata mlevi. Baadaye ndipo wanataja kumbukumbu, maana kesi ya leo ilipimwa kwa kesi ya miaka thelathini iliyopita na hakukuwa na faili. Kisha ulimi: uwezo wa kumwambia mtu amekosa bila kumvua nguo mbele ya wanawe.

Kulikuwa na sababu ya sifa hizo kuwa hizo. Baraza halikuwa na askari wala jela. Kiapo kilikuwepo, laana ilikuwepo, na watu waliviogopa kweli, lakini kwa kesi ya kawaida aliyeshindwa angeweza kuinuka tu, akachukua fimbo yake, akaenda. Kwa hivyo uamuzi ulipaswa kuwa wa aina ambayo aliyeshindwa anaweza kuubeba mpaka nyumbani. Mtu mwenye hasira au upendeleo hangeweza kazi hiyo hata kwa wiki moja.

Nisiipake sukari. Wanawake hawakukaa kwenye baraza hilo kama wasemaji. Neno la mwanamke lilibebwa na baba, kaka au mume, na sote tunajua maneno hufika vipi yakibebwa na mwenye kesi mwenzako.

Nayasema haya kwa sababu Nairobi kila wiki kuna mtu anafundisha mawakili vijana namna ya kupanda. Jenga jina. Jua watu. Suti iwe ya kukutosha, simu ijibiwe haraka, uso usionyeshe hofu. Nimekaa kwenye vikao kadhaa vya namna hiyo, nimekunywa chai yao, na mengi ni kweli. Ila huwa wanazungumza kana kwamba sifa za mtu zinajipima zenyewe. Hakuna anayeuliza nani anatazama. Na ukiifuata historia ya sheria katika nchi yetu ya Kericho na Bomet, hilo ndilo swali zima: sifa ileile iliyompandisha mtu mbele ya majirani zake ndiyo iliyomwangusha mbele ya mkubwa, na kinyume chake.

Mimi ni wa Mulot. Najua, sasa hivi umeshika simu yako. Kwa ambaye hajui, Mulot ni mji wa barabarani kati ya Narok na Bomet, unaokaliwa na kaunti mbili kwa pamoja, na Mto Amala unapita hapo ukienda kukutana na Nyangores ili uitwe Mara. Wageni hudhani sisi ni watu wa majani chai. Chai imejaa zaidi kule juu, Konoin na Kericho; kwetu ni mahindi, ng'ombe, na mpaka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 jina letu limekuwa la utapeli wa laini za simu, na ukijitambulisha kwenye usaili mtu anatabasamu kabla hujamaliza sentensi. Nitalirudia hilo. Kwanza niseme jinsi mti ulivyohama.

Waingereza walipoingia hawakuweza kutawala kwa kutumia mtu asiye na cheo. Walihitaji jina moja la kuandika kwenye daftari. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuteua kiongozi wa vijiji, na huyo ndiye aliyekuwa mzazi wa chifu tunayemjua. Kazi yake ilikuwa kodi, barabara, na kutafuta vibarua. Cha kushangaza ni kwamba neno kiruogindet halikufa. Lilihamishwa. Likaanza kutumiwa kumwita chifu. Yaani neno lililomaanisha mtu asiye na nguvu ya kulazimisha likawa jina la mtu anayetembea na askari. Wengine kati ya machifu hao walikuwa watu wa maana. Jina la Chifu arap Tengecha liko kwenye shule mpaka leo. Lakini aliyewapima hakuwa tena kokwet. Alikuwa DC pale Kericho, na DC alitaka kitu kingine: utiifu, haraka, na taarifa nzuri.

Kisha zikaja mabaraza ya kienyeji ya serikali, baadaye Mahakama za Waafrika chini ya sheria ya 1951. Wazee wakawekwa kwenye benchi, karani akaandika, faini ikalipwa. Mawakili hawakuruhusiwa humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mawakili wangewachanganya watu wa kawaida. Labda. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Mwafrika aliyeshtakiwa alisimama peke yake, na rufaa yake ilielekea kwa maafisa walewale waliokuwa wakimtawala.

Mwaka 1934 ndio unaonyesha gharama ya hali hiyo. Serikali ilipitisha sheria mahususi, Laibons Removal Ordinance, ya kuuondoa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis. Hata jina la sheria lilikosea lugha: laibon ni neno la Kimaasai, wakati kwetu mtu wa namna hiyo huitwa orkoiyot. Wakuu wa ukoo huo walikuwa wameshaonja uhamisho mapema. Mwaka 1914 Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake walipelekwa mbali, upande wa Mlima Kenya. Safari hii ulikuwa ukoo mzima, watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kosa lake mwenyewe. Kosa lilikuwa kuzaliwa. Walikaa huko karibu miongo mitatu.

Hebu fikiria: mwaka huo Kenya nzima haikuwa na wakili hata mmoja Mwafrika. Hawakuwa wachache, hawakuwepo kabisa. Kulikuwa na mawakili Wazungu na Wahindi, na baadhi ya Wahindi hao baadaye walifanya kazi ya kishujaa, kina A. R. Kapila na Fitz de Souza kwenye kesi ya Kapenguria. Lakini kwa Talai wa 1934 sheria ilikuwa kitu kinachofika kwa lori.

Wa kwanza alikuwa C. M. G. Argwings-Kodhek, na habari zake ningependa zisomwe na kila anayeanza uanagenzi. Alitumwa Uingereza mwaka 1947 kusomea mambo mengine. Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kutengeneza mawakili Waafrika. Mwalimu ni sawa, daktari ni sawa, wakili ataleta maneno. Akageukia sheria hata hivyo. Alirudi 1952, mwaka wa Hali ya Hatari, akiwa na mke Mzungu katika nchi iliyogawa mitaa kwa rangi. Akapewa kazi serikalini kwa theluthi ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo hicho hicho. Akakataa. Akafungua ofisi yake, akaanza kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau, watu ambao kesi zao zilikuwa za kunyongwa, hata wapinzani wake wakamwita wakili wa Mau Mau kama tusi. Aliishia kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akafa Januari 1969 kwenye ajali ya gari Nairobi. Barabara yenye jina lake inapita Hurlingham, na nina hakika kuna mawakili wanaokwama pale kwenye foleni kila jioni wakiwaza mshahara.

Kukataa ile theluthi hakukuwa ujanja wa kikazi. Mtu yeyote wa vile vikao vya chai angemshauri achukue kazi kwanza, ajenge uhusiano. Lakini nani alikuwa anamtazama? Kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu alikuwa mkaidi. Kwa familia iliyokuwa na mtoto kwenye foleni ya kitanzi, alikuwa mtu aliyeitwa neno liliposhinda watu.

Uhuru ulileta shule. Kitivo cha sheria kilikuwa kimeshaanza Dar es Salaam mwaka 1961, kikapokea vijana kutoka nchi zote tatu; Chuo cha Sheria cha Kenya kikafuata 1963, na kitivo cha Nairobi 1970. Mwaka 1967 mahakama zile za Waafrika zikaunganishwa na mfumo mmoja wa mahakimu. Hiyo ilikuwa haki. Mtu wa Sotik na mtu wa Nairobi wakawa chini ya sheria moja. Pia ilimaanisha kwamba sasa ngazi ya kwanza ni cheti, na kwa cheti ukoo mzima uliuza ng'ombe.

Na juu ya ngazi hiyo akasimama mtu mmoja. Katika katiba ya zamani karibu kila aliyekaa kwenye Tume ya Huduma za Mahakama alikuwa ameteuliwa na Rais kwa njia moja au nyingine. Nyumbani kwetu watu hupenda kusema enzi za Moi zilikuwa zetu. Kwa barabara na shule, pengine. Kwa sheria, mimi naona enzi hizo zilifundisha mawakili kizazi kizima kuinamisha kichwa. Februari 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini baada ya kujiandaa kuishtaki serikali kwa niaba ya waliozuiliwa. Kosa lake lilikuwa kufanya kazi ya wakili. Mwaka uliofuata bunge likabadilisha katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa ajira yao. Ukarudishwa 1990, baada ya kelele nyingi. Ukiwa jaji miaka hiyo miwili, sifa gani ilikusaidia? Si masikio.

Ndiyo maana mambo yalipobadilika yalibadilika kwa fujo. Mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitaja majaji 23 na mahakimu 82 kwa ufisadi na mienendo mibaya, na wengi waliondoka bila kusikilizwa vizuri. Mimi siusifu usafi ule. Kumhukumu jaji kwenye kurasa za gazeti si haki kuliko kumhukumu mwizi wa kuku. Ila ulionyesha jinsi imani ilivyokuwa imekwisha.

Katiba ya 2010 ikafanya jambo ambalo wanafunzi wa sheria hukariri bila kushangaa. Kifungu cha 166 kinataka jaji awe na shahada na uzoefu, halafu kinaongeza: maadili ya juu, uadilifu, kutopendelea. Tabia ya mtu ikawa sharti la kikatiba. Na ili tabia ionekane, usaili ukafanywa hadharani.

Wengi wetu tulijifunza kwa televisheni. Mwaka 2011 Willy Mutunga, msomi wa Dar es Salaam aliyewahi kuwekwa kizuizini 1982, akaja kutafuta cheo cha Jaji Mkuu akiwa na hereni sikioni. Taifa zima likajadili hereni. Akasema hataitoa, hata kwa kazi hiyo. Akapata kazi. Miezi michache baadaye, tarehe 31 Desemba 2011, naibu wake Nancy Baraza akagombana na mlinzi aliyetaka kumkagua pale Village Market. Baraza lilichunguza, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Hakushindwa na kesi ngumu ya katiba. Alishindwa mlangoni, na mtu aliyekuwa akilinda mlango. Wazee wetu wa masikio wangeielewa kesi hiyo haraka kuliko profesa yeyote.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na nyumbani. Jaji Mumbi Ngugi, jaji wa kwanza wa Kenya mwenye ualbino, alihudumu katika Mahakama Kuu ya Kericho. Mawakili wa Nairobi huchukulia uhamisho wa kwenda vituo vya mbali kama adhabu ya kimyakimya. Kericho ni mvua kila alasiri, mashauri ya ardhi, ya urithi, ya vibarua wa chai, na rufaa za watu waliofungwa kwa vitu vidogo. Kesi hizo hazipigiwi picha. Kutoka hapo alienda kitengo cha ufisadi Nairobi, na Julai 2019 akaamua kwamba gavana aliyeshtakiwa kwa ufisadi hawezi kuendelea kukaa ofisini anakodaiwa kuiba. Mwaka 2021 akaapishwa kwenda Mahakama ya Rufaa.

Usidhani basi jicho la juu limefumbwa. Orodha ileile ya mwaka 2019 ilikuwa na majina 41. Rais Uhuru Kenyatta aliikalia karibu miaka miwili, kisha Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, wakiwemo Weldon Korir, George Odunga na Joel Ngugi. Tume ilikuwa imewapima, mahakama zikasema Rais hana hiari ya kuchagua, na bado walingoja mpaka Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia. Hakimu kijana wa Bomet aliyekuwa akifuatilia habari hizo alijifunza kitu, na sidhani alijifunza kile ambacho katiba ilitaka.

Kuhusu Talai, wakili walimpata hatimaye. Zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi malalamiko yaliyofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2019, juu ya ardhi iliyochukuliwa Kericho na mateso yaliyofuata. Miongoni mwa mawakili wao ni Joel Kimutai Bosek. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia Uingereza kueleza wasiwasi wao. Agosti 2022 shauri likapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Najaribu kufikiria kazi yenyewe: kukaa na vikongwe mmoja baada ya mwingine, kusikiliza habari ileile ya Gwassi mara mia, na kila mara kuiandika kana kwamba ni ya kwanza. Hakuna kikao cha chai kinachofundisha hiyo.

Sasa laini za simu. Tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, vijana kutoka pande zetu wanafikishwa kortini mara kwa mara, na wanahitaji mawakili. Wana haki hiyo, Kifungu cha 50 kiko wazi, na nitamtetea mtu yeyote anayedhaniwa mwizi kwa sababu tu kitambulisho chake kimeandikwa Mulot. Lakini wengine wanakuja na pesa taslimu nyingi kuliko umri wao, na wakili kijana mwenye kodi ya nyumba Nairobi anajua, bila kuambiwa, pesa hizo zimetoka wapi. Ndani ya miaka miwili anaweza kununua gari. Ataitwa mheshimiwa. Atachangia harambee mbele, na hakuna atakayeuliza.

Mwaka jana baba mdogo alinipigia. Kijana wa jirani amekamatwa, mamake analia, nije nimsimamie. Nikauliza aliyeibiwa ni nani. Ni mwalimu mstaafu, akasema, yule wa ng'ambo ya Amala, aliyekufundisha hesabu. Tukanyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba wazee wamekubaliana kukutana Jumamosi na familia zote mbili kabla ya siku ya kutajwa kwa kesi, na kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaja jina langu. Nikamuuliza: natajwa kama wakili wa nani? Akasema hilo halikusemwa. Wamesema tu niitwe.